Siku Saba za Fungate: Ndoa na Utumwa Kisiwani Unguja

Katika Kiswahili tunachokizungumza hapa Lubumbashi, neno fungate halisikiki. Watu wakifunga ndoa na kupata fedha za kusafiri, jambo hilo hutajwa kwa Kifaransa, na waliopenda kutafsiri husema mwezi wa asali. Mimi mwenyewe nililipata neno hilo kamusini, nikalifundisha kwa miaka mingi kama msamiati wa watu wa pwani, bila ya kuwa na haja nalo nyumbani kwangu.

Haja ilitokea Julai 2023. Mimi na mke wangu tulikuwa tumetimiza miaka 25 ya ndoa, na watoto wetu wakachanga fedha ili tukapumzike siku chache Zanzibar. Harusi yetu ilifungwa Julai 1998, wiki chache kabla vita havijazuka tena nchini. Msomaji aliyeoa katika siku zile atakumbuka kwamba hapakuwa na safari wala mapumziko. Aliyepata gunia la unga alishukuru. Basi tukaenda kwa barabara, kupitia Kasumbalesa na Zambia mpaka Dar es Salaam, na kutoka hapo kwa boti. Hotelini tulikuta kitanda kimetandazwa maua, na kijana wa mapokezi akatuambia: "Karibuni fungate." Nilipomjulisha mwenzangu kwa kusema, kama tusemavyo kwetu, "huyu ni bibi yangu," kijana alimtazama, akanitazama mimi, kisha akasema kwa adabu kwamba bibi yangu amejaliwa, bado ni kijana. Ilitubidi tumweleze kuwa Kongo bibi ni mke, wala si mama wa mama. Tukacheka sote watatu.

Hata hivyo salamu ile ilinibakia moyoni. Tuliyoonyeshwa katika siku zilizofuata, mahamamu, magofu, mashamba ya viungo, kanisa na misitu, yote yalipangwa kwa ajili ya watu wawili wanaopendana. Nami nikawa najiuliza swali ambalo ndilo asili ya makala hii: katika historia ya kisiwa kile, ni nani hasa aliyepata kukaa fungate?

Tuanze na neno lenyewe, kwani lina historia. Kiswahili kimechukua namba saba kutoka Kiarabu, lakini lugha jirani kama Kishambaa zimehifadhi mfungate kwa maana ya saba. Waswahili wameliacha neno hilo la kale la Kibantu sokoni na shambani, wakalibakiza mahali pamoja tu, yaani chumbani mwa maharusi. Fungate ni siku saba zinazofuata harusi, ambapo bwana na bibi harusi hukaa ndani, aghalabu nyumbani kwa kina mke. Hawapiki, chakula huletwa na jamaa wa mke. Hawatoki wala hawatumwi. Yupo somo, au kungwi, mwanamke mtu mzima aliyemfunda bibi harusi, na kazi yake haikwishi siku ya ndoa: humsinga mwari kwa singo, humtia hina, hufukiza udi, hupanga asumini, na husikiliza mlangoni kama mambo ni shwari. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maandishi yake yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli, ameziandika kwa urefu desturi za ndoa za watu wa Mrima, na mwenye kutaka mengi zaidi hana budi kumrudia yeye.

Kwa makusudio yetu yatosha kuangalia mahitaji ya desturi hiyo. Pawe na chumba chenye mlango wa kufungwa. Pawe na jamaa wa kupika na mwanamke wa kuhudumia. Zaidi ya yote, pawe na siku saba mfululizo ambazo hakuna mtu mwingine awaye yote mwenye haki nazo. Tutaona kwamba sharti hili la mwisho lilikuwa gumu kuliko yote.

Jinsi fungate ilivyotoka chumbani ikafika ufukweni si habari ya zamani. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wageni walikuwa wachache, na nchi iliishi kwa karafuu. Bei ya karafuu ilipoanguka katika miaka ya 1980, Serikali ya Zanzibar ilifungua mlango kwa mitaji ya nje kwa sheria ya mwaka 1986, na Kamisheni ya Utalii ikaundwa 1992. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Mwaka 2019 watalii walizidi nusu milioni kwa mwaka mmoja, na katika hao maharusi wa Ulaya ni wengi. Neno la siku saba limekuwa neno la safari ya siku zozote, na anayepika sasa ni mpishi wa hoteli. Sina ugomvi na mabadiliko hayo. Lugha hufanya hivyo, na sisi wa Kongo ndio wa mwisho wa kuwalaumu wengine kwa kugeuza maana za maneno.

Siku ya pili tulipelekwa Kidichi, kaskazini-mashariki ya mji, katikati ya mashamba ya viungo. Hapo pana hamamu ambalo Seyyid Said alimjengea mkewe Shahrazad, mjukuu wa Shah Fath Ali wa Uajemi, mwaka 1850. Nje ni jengo jeupe lenye makuba, la kawaida tu. Ndani kuta zina nakshi za chokaa za mtindo wa Kiajemi, maua na mitende iliyofinyangwa kwa mkono, na kuba lina matundu ya kuingiza mwanga. Kijana aliyetutembeza aliliita zawadi ya mapenzi. Huenda lilikuwa hivyo kwa muda. Binti wa Seyyid Said, Salme, ambaye baadaye aliolewa na Mjerumani Heinrich Ruete na kuchapisha kumbukumbu zake mwaka 1886, anamweleza Shahrazad kuwa mwanamke aliyependa farasi na kuwinda, asiyejali sana kujifunika mbele ya watu. Hakuzaa. Aliachwa, akarudi kwao. Hamamu lilibaki, mwenyewe hakubaki.

Lakini hata Shahrazad alikuwa mke wa ndoa, na katika nyumba ile jambo hilo lilikuwa adimu. Seyyid Said alipofariki mwaka 1856 aliacha watoto 36 walio hai, na mama zao walikuwa masuria. Mama yake Salme alikuwa suria kutoka Circassia. Mama yake Barghash alikuwa Mhabeshi. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria kwa bwana wake ni mtu huru, na anaweza kuwa sultani kama alivyokuwa Barghash. Mama aliyemzaa huwa huru bwana wake anapokufa. Nadhani sheria hiyo haina budi kutajwa, maana watu wa kwetu wakisikia neno mtumwa huwaza pamba na mijeledi ya Marekani, na kumbe suria wa Unguja aliweza kuvaa dhahabu. Hata hivyo hakuulizwa. Hakuna shangazi aliyekaa akajadili mahari yake, hakuna somo aliyetoka kwao, na wala hapakuwa na siku ya kwanza ambayo ingehesabiwa hadi ya saba.

Pale Maruhubi, ufukweni, zimesimama nguzo za jumba alilolijenga Barghash mwaka 1882 kwa ajili ya wanawake wake, likaungua 1899. Watembeza watalii husema kuwa palikaa mke mmoja na masuria 99. Hesabu hiyo ni nzuri mno kuwa ya kweli. Inafanana na hesabu za ngano. Maharusi kutoka nje walikuwa wakipigana picha baina ya nguzo, na mke wangu akanong'ona kuwa yeye hangependa picha yake ya ndoa ipigwe penye wanawake mia.

Hao walikuwa wanawake wa majumba. Walio wengi walikuwa mashambani, na hapa inafaa tukae zaidi. Frederick Cooper, katika utafiti wake juu ya utumwa wa mashamba ya pwani uliochapishwa 1977, ameonyesha kwamba mtumwa wa shamba la Unguja kwa kawaida alimtumikia bwana wake siku tano za juma, akaachiwa Alhamisi na Ijumaa alime kipande chake. Siku mbili hizo zilikuwa haki ya desturi, na mabwana wenye busara waliiheshimu. Sasa msomaji afanye hesabu pamoja nami. Fungate ni siku saba. Juma la mtumwa lilikuwa na siku mbili tu zilizo zake. Siku saba haziwezi kuingia katika mbili. Sijapata hati isemayo kwamba watumwa walikatazwa fungate, na sidhani kama palihitajika katazo. Kalenda yenyewe ilikuwa katazo.

Tukiongeza masharti ya ndoa yenyewe, picha inakuwa wazi zaidi. Mtumwa hakuweza kuoa bila ya idhini ya bwana wake. Mume akiwa wa bwana huyu na mke wa bwana yule, kila mmoja alilala kwa bwana wake, na watoto waliozaliwa walikuwa mali ya bwana wa mama. Ndoa yao ilikuwa halali mbele ya kadhi, lakini haikuwa na mlango wa kufungwa.

Hapo ndipo ninapoona ajabu moja ambayo sikuwahi kuifikiria nilipokuwa nikifundisha neno hili darasani. Margaret Strobel, katika kitabu chake cha 1979 kuhusu wanawake wa Mombasa, ameonyesha kwamba ngoma na mafunzo ya makungwi yaliletwa pwani na wanawake watumwa kutoka bara, na baadaye yakaingia katika nyumba za waungwana. Unyago wa Unguja, ambao marehemu Bi Kidude aliufundisha na kuuchezea ngoma ya msondo hadi uzeeni kabla ya kufariki Aprili 2013, ni wa asili hiyohiyo ya bara. Kwa maneno mengine, mwanamke aliyemfunda binti wa kiungwana namna ya kukaa fungate, aliyemsinga na kumpangia asumini, angeweza kuwa mwenyewe hakupewa hata siku moja ya namna hiyo.

Siku ya tatu ilikuwa ya maumbile, nami nitaipita kwa haraka, si kwa sababu haikupendeza. Tulikwenda msitu wa Jozani, ambao pamoja na ghuba ya Chwaka ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, tukawaona kima punju wenye mgongo mwekundu, wanyama ambao asili yao ni Unguja peke yake. Hawaogopi mtu. Tulitembea juu ya njia ya mbao katikati ya mikoko, maji yakiwa yamekupwa, kaa wakikimbilia mashimo yao. Alasiri tulikuwa Paje, ambako maji yakitoka hutoka mbali sana, na wanawake huingia kufuata mistari yao ya mwani, kilimo kilichoanza katika pwani hiyo mwaka 1989. Mtu aliyelala chini ya mwavuli wa hoteli huwaona kama sehemu ya mandhari. Mke wangu, mwana wa mkulima, aliona migongo iliyoinama.

Nataka kusema jambo moja juu ya maumbile hayo. Mengi yanayoonyeshwa kuwa ni zawadi ya Mungu kwa kisiwa yaliletwa na watu au kupandwa na watu. Kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, wanne wa mwanzo wakiwa zawadi ya gavana wa huko. Mkarafuu uliletwa mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Aprili 1872 kimbunga kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika. Mashamba yalipandwa upya. Aliyeyapanda upya alikuwa mtumwa, katika siku zake tano, mwaka mmoja tu kabla ya soko kufungwa.

Mapatano ya kulifunga soko hilo yalitiwa saini Juni 1873 baina ya Barghash na Waingereza. Wamisionari wa Kianglikana wakajenga kanisa mahali pake, jiwe la msingi likawekwa Krismasi ya mwaka huohuo. Askofu Edward Steere, ambaye wanafunzi wa Kiswahili wanamjua kwa kitabu chake cha sarufi cha 1870, amezikwa nyuma ya altare. Nje ya kanisa ipo sanamu ya watumwa waliofungwa mnyororo, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Karibu nayo wageni huteremshwa katika vyumba vya chini vyenye giza, wakaambiwa kwamba humo ndimo watumwa walimorundikwa kungojea mnada. Wapo wanahistoria wanaolitilia shaka jambo hilo, kwa kuwa jengo lililo juu yake ni la misheni, la baada ya soko kufungwa. Nilijizuia kusema hayo mbele ya watu. Mke wangu alikuwa ameshika ukuta kwa kiganja, amenyamaza, na huo haukuwa wakati wa mhadhara.

Mtembezaji alipojua kwamba tunatoka Kongo alituonea huruma, akasema kuwa wengi waliouzwa pale walikuwa ndugu zetu. Hili nalo lahitaji kupimwa. Walio wengi walioletwa Unguja walipitia Kilwa, na asili yao ilikuwa nchi za kusini, upande wa Ziwa Nyasa. Wamanyema walifika kwa wingi baadaye, wengi wao wakiwa wapagazi na askari wa misafara, na wengine wengi, hasa wanawake na watoto, wakiwa mateka. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alikaa bara tangu 1870 hadi 1882 kabla ya kurudi Unguja, akayasimulia hayo kwa Kiswahili fasaha katika Maisha yake. Mwaka 1887 aliukubali uwali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa niaba ya Leopold II. Kitabu hicho kinahusu pembe, vita na njia. Nyumba na wanawake hutajwa kwa kupita. Alifariki Unguja mwaka 1905. Nyumba yake ya Shangani, yenye mlango wa nakshi, ilikaliwa na familia kadhaa kwa miaka mingi baada ya Mapinduzi. Tulisimama mbele yake kwa dakika chache. Lugha tuliyokuwa tukizungumza mlangoni pake, mimi na mke wangu, ilifika Kasongo na Nyangwe pamoja na bunduki za misafara kama yake. Sikujua niseme nini juu ya hilo, na sijui hata sasa.

Utumwa ulikomeshwa kisheria Unguja kwa amri ya Aprili 1897, lakini aliyetaka uhuru ilimpasa aende mwenyewe mbele ya mahakama kuuomba, na masuria hawakuhesabiwa. Watawala wa Kiingereza waliwachukulia kama wake, wakaogopa kuziudhi nyumba za mabwana. Suria alipata haki ya kuondoka mwaka 1909. Miaka hiyo 12 kati ya amri mbili haielezwi na mtembeza watalii yeyote niliyemsikia, nami nadhani ndiyo moyo wa habari hii.

Waliopata uhuru walikwenda Ng'ambo, upande wa pili wa hori lililoutenga Mji Mkongwe. Laura Fair, katika kitabu chake cha 2001, ameonyesha jinsi wanawake wa Ng'ambo walivyoacha kaniki za utumwa wakavaa kanga, na jinsi watu walivyoacha kujiita kwa majina ya makabila ya bara wakajiita Waswahili, na baadaye Wazanzibari. Siti binti Saad, aliyezaliwa karibu mwaka 1880 katika ukoo wa watumwa, alitoka shamba akaingia mjini mwaka 1911, na mwaka 1928 sauti yake ikanaswa kwenye sahani za santuri Bombay. Katika mitaa hiyohiyo ya udongo na makuti watu walianza kuoana kwa mahari yao wenyewe, kwa somo wao wenyewe, na kufunga mlango. Historia za uhuru huandika amri na tarehe. Mlango uliofungwa siku saba haukuandikwa na mtu.

Siku ya mwisho tulikwenda Ng'ambo bila mtembezaji. Mke wangu alitaka kanga, na mwenye duka alitupeleka kwa mama yake ambaye, alisema, anajua majina ya kanga zote. Tulimkuta bi mkubwa mmoja wa miaka 80 na ushei, ameketi barazani. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia, akatukaribisha kahawa, akatuuliza tunatoka wapi. Tulipomwambia Kongo alituangalia kwa muda, kisha akasema kwamba bibi yake mzaa mama alikuwa Mmanyema, aliletwa kabla hajaota meno ya ukubwani, na neno moja tu la kwao ndilo alilolikumbuka, ambalo yeye mwenyewe amelisahau.

Mke wangu akamuuliza kama aliwekwa fungate alipoolewa. Bi mkubwa akacheka. Aliwekwa, akasema, siku saba kamili, mtaa wa pili kutoka pale. Somo wake alikuwa mwanamke mwingine, lakini bibi yake yule, akiwa mzee sana na macho yamefifia, aliomba apewe kazi moja. Kila alfajiri alikuja na mkongojo wake, akagonga mlango mara moja tu, akasema kwa sauti: "Moja." Kesho yake: "Mbili." Bwana harusi alichukia, akataka azuiliwe. Jamaa wakakataa. Aliendelea hivyo mpaka akafika saba, na siku hiyo hakuondoka. Aliketi kizingitini hadi mlango ulipofunguliwa.